Nondo wa Amerika ndani ya mahindi ya Kampene: siku kumi za kwanza ndizo zinaamua mavuno

Kampene, katika eneo la Pangi, jimbo la Maniema, ni mji wa machimbo. Vijana wengi wanashinda kwenye mashimo ya dhahabu na kasiteriti, na kazi ya shamba mara nyingi inabaki mikononi mwa wamama na wazee. Barabara zinapoharibika wakati wa mvua, chakula kinachobebwa kwa pikipiki na baiskeli kutoka mbali kinapanda bei. Kwa hiyo mahindi yanayovunwa karibu na nyumba yana thamani kubwa: yanachomwa, yanachemshwa, yanasagwa kuwa unga wa bugali, na yanayobaki yanauzwa sokoni ili mtoto alipiwe shule.

Mahindi hayo yana adui aliyevuka bahari. Wakulima wengi wanamjua kwa umbo moja tu: kiwavi mnene anayekutwa katikati ya mhindi, amezungukwa na kinyesi kama unga wa mbao. Wanapomwona hivyo, kazi yake karibu imekwisha. Ili kumshinda, inafaa kujua maisha yake yote tangu yai, na kujua kila hatua inachukua siku ngapi.

Ni nani huyu?

Jina lake la kisayansi ni Spodoptera frugiperda. Neno la pili ni la Kilatini na linahusu kupotea kwa mazao. Mwingereza James Edward Smith alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1797, kutokana na wadudu waliochorwa huko Georgia, kusini mwa Marekani. Kwa Kifaransa, maagronomi wetu wanamwita chenille légionnaire d'automne. Katika nchi jirani zinazosema Kiswahili anaitwa kiwavi jeshi vamizi.

Maneno « d'automne », yaani ya msimu wa majani kuanguka, yana sababu yake. Nondo huyu hawezi kuvumilia baridi kali. Kila mwaka, theluji na barafu vinamuua sehemu kubwa ya Marekani, na anabaki hai kusini kabisa tu, katika Florida na Texas. Joto linaporudi, anapanda kaskazini kizazi baada ya kizazi, mpaka anafika Kanada. Wakulima wa huko wanamwona kwa wingi mwishoni mwa msimu wa joto na mwanzoni mwa baridi. Kisha barafu inakuja na kumfagia.

Kampene haina barafu. Joto linabaki karibu lile lile mwaka mzima, na mahindi au majani mengine ya kula hayakosekani. Nondo ambaye kaskazini mwa Amerika anaanza upya kila mwaka, hapa anaweza kuzaa kizazi kimoja baada ya kingine bila kupumzika.

Safari ya kuja Afrika

Mnamo Januari 2016 wataalamu walitambua mdudu huyu kwa mara ya kwanza Afrika, upande wa magharibi: Nigeria, Benin, Togo na kisiwa cha São Tomé. Mwishoni mwa mwaka huo alikuwa ameingia Zambia, na serikali ya huko ikatumia ndege za jeshi la anga kusafirisha dawa. Mwaka 2017 alithibitishwa Kenya na Uganda, na Kongo nayo ikawa katika orodha. Kufikia mwaka 2018 nchi zaidi ya 40 za Afrika kusini ya Sahara zilikuwa naye. Mwaka huo huo akaonekana India, mwaka 2019 China, na mwaka 2020 Australia.

Kasi hiyo inatokana na mabawa yake. Nondo mzima anaweza kuruka karibu kilomita 100 kwa usiku mmoja, na upepo ukimsaidia anaenda mbali zaidi. Jike anaweza kusafiri kilomita mia kadhaa kabla ya kutaga mayai. Pori halimzuii, mto Lualaba haumzuii, na hakuna kizuizi cha barabarani kinachoweza kumkamata.

Siku ya 1 hadi ya 3: mayai

Maisha yanaanza usiku. Jike anatua kwenye mhindi mchanga na kutaga fungu la mayai, mara nyingi 100 hadi 200 pamoja, juu au chini ya jani, karibu na shina. Anayafunika kwa manyoya madogo ya mwili wake, hata fungu linaonekana kama kipande kidogo cha pamba chafu au ukungu wa kijivu. Katika maisha yake jike mmoja anaweza kutaga mayai kama 1.500, na wengine wanapita 2.000.

Katika joto kama la Maniema mayai yanapasuka baada ya siku mbili au tatu. Hizo ndizo siku rahisi kuliko zote kwa mkulima. Kidole kimoja kikisugua fungu moja la mayai, viwavi zaidi ya mia wamekwisha kabla ya kuzaliwa. Hakuna dawa ya dukani inayofanya kazi hiyo kwa bei ndogo hivyo.

Siku ya 3 hadi ya 10: kiwavi mdogo

Kiwavi anayetoka katika yai hafiki milimita mbili. Kichwa chake ni cheusi na mwili wake ni mweupe au kijani kidogo. Anakwangua jani upande mmoja na kuacha ngozi nyembamba upande wa pili, kwa hiyo jani linakuwa na madoa meupe yanayopitisha mwanga kama vioo vidogo vya dirisha. Alama hiyo ni onyo la kwanza.

Kisha viwavi wanatawanyika. Kila mmoja anatoa uzi mwembamba kama wa buibui, anajining'iniza, na upepo unambeba mpaka mhindi wa jirani. Fungu moja la mayai kwenye mhindi mmoja linaweza hivyo kugusa mimea mingi ya shamba.

Siku ya 10 hadi ya 17: kiwavi mkubwa

Kiwavi anabadilisha ngozi na kupita hatua sita za kukua. Hesabu iliyofanywa na wachunguzi wa Amerika inaeleza kwa nini wakulima wanashtuka kwa kuchelewa: hatua tatu za kwanza kwa pamoja zinakula chini ya asilimia 2 ya majani yote ambayo kiwavi atakula maishani. Hatua ya sita peke yake inakula karibu asilimia 77. Yaani kwa zaidi ya wiki moja kiwavi yuko shambani na hasara karibu haionekani, halafu katika siku chache za mwisho majani yanachanika kama yamepigwa mawe.

Wakati huo yuko ndani ya moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapotokea katikati. Mchana anajificha humo na kinyesi chake kinaziba mlango juu yake, usiku anapanda kula. Anafikia urefu wa sentimita tatu hadi nne. Ili kuwa na uhakika kwamba ni yeye, tazama mambo mawili: usoni ana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyogeuzwa juu chini, na karibu na mwisho wa mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba.

Viwavi wakubwa wanakulana wao kwa wao. Ndiyo sababu katika moyo wa mhindi mmoja mara nyingi unakuta kiwavi mmoja au wawili tu, hata kama mwanzoni walikuwa wengi. Mhindi ukishatoa hindi, anaweza kuingia ndani na kula punje, na tundu analoacha linakaribisha maji na kuoza.

Siku ya 17 hadi ya 30: udongoni, halafu angani

Akishashiba, kiwavi anadondoka chini na kujichimbia udongoni, sentimita mbili hadi nane. Humo anajifunga katika ganda la rangi ya kahawia linaloitwa pupa. Hali kitu, hatembei, lakini ndani ya ganda mwili unajengwa upya. Baada ya siku nane au tisa nondo anatoka, akiwa na mabawa yenye upana wa sentimita tatu hadi nne yakifunguliwa. Dume ana doa jeupe kwenye ncha ya bawa la mbele, jike ana rangi ya kijivu isiyo na alama kubwa.

Nondo anaishi siku kama kumi, wengine mpaka wiki tatu. Hali mahindi, anafyonza utamu wa maua. Siku tatu au nne baada ya kutoka, jike anaanza kutaga, na duara linafungwa: karibu siku 30 tangu yai mpaka yai. Kwenye baridi duara hilo linaweza kuchukua siku 60 mpaka 90. Mahindi yanayokaa shambani miezi mitatu au minne yanaweza hivyo kupitiwa na vizazi vitatu. Na jirani anayepanda mwezi mmoja baada yako anawaandalia watoto wa nondo wako chakula kipya.

Hasara ni kubwa kiasi gani?

Mwaka 2017 shirika la CABI la Uingereza lilikadiria kwamba katika nchi 12 za Afrika zinazolima mahindi, mdudu huyu angeweza kuharibu tani milioni 8,3 hadi 20,6 kwa mwaka kama hakuna kinachofanyika. Hesabu hiyo ilitisha serikali nyingi.

Lakini jani lililotobolewa si hindi lililopotea. Mhindi una nguvu ya kutoa majani mengine. Wachunguzi waliopima mashamba ya wakulima wadogo mashariki mwa Zimbabwe, katika kazi iliyotolewa mwaka 2019, walikuta hasara ya mavuno ya karibu asilimia 12. Hii haina maana ya kukaa mikono mitupu. Maana yake ni kwamba mkulima hapaswi kung'oa shamba wala kukopa pesa za dawa kwa sababu ya hofu ya siku moja.

Mara mbili kwa wiki

Ukijua siku zake, kazi inajipanga yenyewe. Kwa kuwa mayai yanakaa siku mbili au tatu, kutembelea shamba mara moja kwa wiki hakutoshi. Mara mbili kwa wiki, tangu mahindi yanapotoa majani ya kwanza mpaka yanapotoa ua la juu, ndiyo mpango unaofaa. Saa za asubuhi mapema ni nzuri, kwa sababu viwavi bado wako juu.

FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, linashauri kupita shamba kwa kupindapinda, kusimama mahali patano na kutazama mimea kumi kila mahali. Jumla ni mimea 50. Ukikuta mimea michanga isiyozidi michache ina viwavi hai au majani mapya yenye vioo, mkono unatosha: ponda mayai, toa viwavi na kuwaua. Ikifika mimea kama 10 kati ya 50, yaani asilimia 20, mambo yanahitaji nguvu zaidi. Kwa mahindi makubwa ambayo hayajatoa ua, kiwango kinachokubalika ni cha juu zaidi, karibu asilimia 40, kwa sababu mmea mkubwa unavumilia.

Wakulima wengi wa Amerika ya Kati na wa Afrika wanatia mchanga, udongo mkavu au jivu kidogo katika moyo wa mhindi wenye kiwavi. Vitu hivyo vinamkwaruza na kumkausha. Jivu la jikoni halina bei. Mvua kubwa za Maniema nazo zinasaidia: zinajaza maji katika moyo wa mhindi na kuosha viwavi wadogo.

Namna ya kupanda ina nguvu yake. Kupanda mapema, mvua zinapoanza, na kupanda pamoja na majirani kunamnyima nondo meza inayoandaliwa kila wiki. Kuchanganya mahindi na maharage au mazao mengine kunamchanganya jike anayetafuta pa kutaga na kunawapa makao wadudu wanaomla. Uchunguzi wa Zimbabwe ulionyesha kwamba kupalilia mara kwa mara kulipunguza uharibifu, na kwamba kuchanganya mahindi na maboga kuliuongeza. Kituo cha ICIPE cha Nairobi kilipima Kenya, Uganda na Tanzania mpango wa kupanda jani la desmodium kati ya mistari ya mahindi na majani ya ng'ombe ya brachiaria pembeni. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha viwavi wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa kila mmea.

Tahadhari na dawa

Dawa za kunyunyiza zina nafasi yake, lakini kiwavi mkubwa aliyejifungia chini ya kinyesi chake haguswi kwa urahisi. Anayenyunyiza saa sita mchana kwenye mahindi makubwa anaosha majani na kupoteza pesa. Huko Amerika mdudu huyu ameshazoea aina kadhaa za dawa mpaka hazimuui tena.

Hatari nyingine iko kwa mtu mwenyewe. Dawa inayouzwa bila maandishi, iliyogawanywa katika chupa za maji au za bia, haijulikani ni nini wala inatumiwa kwa kipimo gani. FAO imeonya wazi juu ya dawa kali ambazo zimekatazwa katika nchi nyingi na bado zinatumiwa na wakulima wadogo bila glavu wala kitambaa cha uso. Chupa ya dawa haipaswi kurudi jikoni hata ikioshwa mara kumi, na mtoto hapaswi kubeba pampu.

Dawa hiyo hiyo inaua pia wasaidizi wa mkulima. Siafu, buibui, ndege na manyigu wanakula mayai na viwavi. Kuna nyigu mdogo sana, Telenomus remus, asiyefika milimita moja, anayetaga ndani ya mayai ya nondo na kuyaua. Wataalamu wamemkuta Afrika magharibi, mashariki na kusini, bila mtu yeyote kutangaza kwamba amemleta.

Si kila kiwavi ni adui

Maniema ni nchi ya pori, na viwavi wa pori ni chakula. Vile vinavyokusanywa chini ya miti mikubwa, vinavyokaushwa na kuuzwa, ambavyo Kinshasa huitwa mbinzo, ni watoto wa nondo wakubwa wa jamaa nyingine kabisa. Vinakula majani ya miti na havigusi mahindi. Kuviua kwa kumkasirikia kiwavi wa mahindi ni kujinyima nyama. Kwa upande wa pili, kiwavi aliyeokotwa kwenye shamba lililopigwa dawa asiingie katika sufuria, na dawa isipigwe karibu na miti ambayo watu wanaokota viwavi.

Kongo iliwahi kumshinda mgeni mwingine

Mahindi yenyewe yalitoka Amerika, na muhogo pia. Mara kwa mara wadudu wa huko wanafuata chakula chao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, karibu na Kinshasa na Brazzaville, muhogo ulianza kukauka na majani ya sombe kujikunja. Mkosaji alikuwa mdudu mdogo mweupe kama aliyenyunyiziwa unga, aliyetoka Amerika ya Kusini. Alienea katika sehemu kubwa ya Afrika, na njaa ikanusa milango mingi.

Mwaka 1981 nyigu mdogo anayemwua mdudu huyo alipatikana Paraguay. Taasisi ya IITA iliyoko Ibadan, Nigeria, ilimzalisha kwa wingi na kumwachilia katika nchi moja baada ya nyingine, Zaire ikiwemo. Muhogo ulisimama tena bila mkulima kununua chupa moja ya dawa. Mswisi Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Leo watoto wa Kampene wanakula sombe bila kujua kwamba ililindwa na nyigu asiyeonekana vizuri kwa macho.

Kwa nondo wa mahindi, dawa ya namna hiyo haijakamilika, na huenda isiwe moja peke yake. Wakati wachunguzi wanaendelea, silaha iliyo karibu ni macho ya mkulima. Mwaka 2018 FAO na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani walitoa programu ya simu inayoitwa Nuru, inayosema pia Kiswahili. Mkulima anaelekeza kamera kwenye jani na programu inamwambia kama ni kiwavi huyu. Inafanya kazi bila intaneti, jambo linalofaa mahali ambapo mtandao unakuja na kwenda. Simu moja katika kikundi cha wamama wakulima inatosha kwa mashamba mengi.

Anayeona mayai au majani yenye vioo afanye mambo mawili siku hiyo hiyo: aponde anachokiona, na awaambie majirani na agronomi wa karibu. Nondo anaruka kilomita 100 kwa usiku mmoja, kwa hiyo shamba moja safi katikati ya mashamba machafu halitabaki safi. Majirani wakipita mashamba yao pamoja, mara mbili kwa wiki katika mwezi ule wa kwanza na wa pili, viwavi wengi watakufa wakiwa bado milimita mbili, na mahindi yatafika gunia.